Nilijibu Usaili kwa Maneno ya Filamu, Kazi Nikaikosa

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni msichana wa miaka 26, nina shahada ya mawasiliano ya umma, na tangu nihitimu nimeajiriwa mara moja tu, kwa muda wa miezi mitano. Ninakuandikia kuhusu jambo ambalo kaka yangu analichukulia kuwa kichekesho, ilhali mimi linaninyima usingizi.

Ipo filamu ya mwaka 2006, The Devil Wears Prada, ambayo nimeitazama mara nyingi hata ninaweza kuyasema maneno ya wahusika kabla hawajayasema wao. Kwa msomaji ambaye hajaiona, inamhusu Andrea Sachs, kijana aliyetoka chuo kikuu akiwa na ndoto ya kuwa mwandishi wa habari, ambaye anajikuta akiomba kazi ya usaidizi kwa Miranda Priestly, mhariri mkuu wa jarida la mitindo liitwalo Runway, jijini New York. Andrea anaingia kwenye usaili akiwa hajawahi kulisoma jarida hilo, hamjui Miranda ni nani, na mavazi yake ni kichekesho cha ofisi nzima. Miranda anamkatisha na kumtaka aende zake. Ndipo Andrea anapogeuka na kusema kwamba ni kweli hafanani na watu wa pale, lakini ana akili, hujifunza haraka, na atafanya kazi kwa bidii. Anatoka, na kabla hajafika mbali anaitwa arudi. Kazi ameipata.

Miezi miwili iliyopita nami niliitwa kwenye usaili wa nafasi ya ofisa habari katika taasisi moja. Jopo lilikuwa la watu watatu, likiongozwa na mama mmoja mwenye miwani aliyekuwa akiandika kila nilichosema. Swali la pili lilikuwa hili: "Unajua nini kuhusu taasisi yetu?" Sikuwa nimejiandaa, lakini sikubabaika, kwa sababu niliamini kwamba jibu ninalo tangu zamani. Nilikaa wima, nikamtazama machoni, nikasema: "Kwa kweli sijui mengi kuhusu taasisi hii, lakini nina akili, ninajifunza haraka, na nitafanya kazi kwa bidii." Yule mama alirudisha kifuniko cha kalamu yake, akailaza kalamu juu ya wasifu wangu. Maswali yaliyofuata yaliulizwa na wenzake wawili, kwa upole wa watu wanaomsindikiza mgeni mlangoni. Kifuniko hakikuondolewa tena.

Kuna jambo la pili, ambalo kwenye wasifu wangu sijaliandika. Kazi yangu ya kwanza niliiacha vibaya. Nilikuwa katika kitengo cha mawasiliano cha kampuni ndogo, chini ya msimamizi mkali ambaye hakuwahi kunisifu hata siku moja; nakumbuka nilijifundisha mwenyewe programu ya kupanga kurasa kwa wiki mbili, nikatoa toleo zima la jarida la ndani bila msaada wa mtu, na alichosema ni kwamba namba za kurasa ni ndogo mno. Ijumaa moja alinikaripia mbele ya wageni kwa sababu ya barua niliyoiandika tarehe isiyo sahihi. Jumatatu sikwenda kazini, na simu zake sikuzipokea. Siku hiyo nilijiona kama Andrea anapomwacha Miranda kule Paris na kuitupa simu yake ndani ya chemchemi.

Sasa nimeitwa kwenye usaili mwingine, Jumatano ijayo, wa nafasi ya msaidizi wa mkurugenzi wa kampuni inayoheshimika sana. Ninasikia kwamba mkurugenzi huyo ni mtu wa kutisha na kwamba amebadilisha wasaidizi watatu katika miaka miwili. Marafiki zangu wanasema nivumilie mwaka mmoja tu, milango itafunguka, kama filamu inavyoonyesha. Kaka yangu anasema filamu ndiyo iliyoniharibu. Nimekosea wapi, Shangazi, ambapo Andrea alipatia? Je, niende Jumatano? Na wakiniuliza kuhusu ile miezi mitano, niseme nini?

Mimi,
Msaidizi Mtarajiwa

*

Marahaba, binti yangu.

Kaka yako mwambie asicheke sana. Kuna walimu wabaya zaidi ya filamu hiyo. Riwaya ilikotoka ilichapishwa mwaka 2003, na aliyeiandika, Lauren Weisberger, aliwahi kuwa msaidizi wa mhariri mkuu wa jarida la Vogue, kwa hiyo zile mbio za kubeba kahawa na zile simu zisizokoma zimeandikwa na mtu aliyewahi kuwa na kazi ya namna hiyo. Tatizo ni kwamba filamu ina dakika 109 tu za kusimulia karibu mwaka mzima, na wewe umeiga mambo mawili ambayo imeyaonyesha kwa uzuri mwingi na kwa maelezo machache, yaani yale maneno ya mlangoni na ile simu ya kwenye chemchemi. Turudi tuyatazame polepole, maana nami filamu hiyo ninaijua.

Kabla Andrea hajaingia kwa Miranda, kuna jambo dogo linalosemwa haraka ambalo watazamaji wengi hulipita. Usaili ule ulikuwa ufanywe na Emily, msaidizi mwandamizi. Miranda anaamua kuufanya mwenyewe kwa sababu wasichana wawili wa mwisho walioletwa na Emily hawakufaa kabisa. Kiti anachokwenda kukalia Andrea, kwa hiyo, kimeshakaliwa na watu wawili waliomuudhi mwenye ofisi. Liweke hilo akilini.

Andrea anaulizwa yeye ni nani na amefuata nini, na majibu yake, tuseme ukweli, ni mabaya kuliko yako. Anaeleza kwamba alituma barua kila mahali, na kwamba mwisho wa yote ilibaki ama hapo ama jarida la magari. Anakiri kwamba Runway halisomi. Lakini kabla ya yale maneno uliyoyakariri, anajaribu kusema jambo lingine ambalo wewe umelisahau: kwamba alikuwa mhariri mkuu wa gazeti la chuo chake, Northwestern, na kwamba alishinda shindano la kitaifa la waandishi wanafunzi kwa mfululizo wa makala kuhusu chama cha wafanyakazi wa usafi. Miranda anamkatisha, lakini amekwisha kusikia. Andrea aliposema "nina akili, ninajifunza haraka", ushahidi ulikuwa umetangulia mezani na yale maneno yalikuja juu yake kama muhuri. Wewe ulipiga muhuri kwenye karatasi tupu.

Hata hivyo, ushahidi peke yake haukumpa kazi. Sababu anaitoa Miranda mwenyewe baadaye, pale anapokwama Miami kwa ajili ya kimbunga na Andrea anashindwa kumpatia ndege. Anamwambia, kwa sauti ile ya chini inayotisha kuliko kelele, kwamba siku zote huajiri msichana wa aina moja, mwembamba, mwenye kujua kuvaa, anayeliabudu jarida, na kwamba mara nyingi wasichana hao huishia kumsikitisha. Safari hii, kwa sababu ya wasifu mzuri na ile hotuba ya kuchapa kazi, aliamua kubahatisha na mtu tofauti. Sehemu hii ndiyo ningependa uitazame tena kabla ya Jumatano, kuliko nyingine yoyote. Andrea aliajiriwa kwa sababu hakufanana na waliotangulia. Kama wale wawili wa mwisho wangekuwa werevu wasiojali mitindo, Miranda angemtaka binti mwenye viatu virefu na Andrea angekwenda kwenye magari.

Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na waajiri ni watu walioumwa. Nafasi yoyote iliyo wazi ina historia, na wanaokuhoji wanaijua historia hiyo hata kama hawatakusimulia. Aliyeondoka akiwa mchelewaji wa taarifa, jopo litauliza kuhusu muda. Aliyeondoka kwa ugomvi, utaulizwa unavyoishi na wenzako. Aliyeondoka ghafla bila kukabidhi, utaulizwa kuhusu mipango yako ya miaka mitano ijayo, na hilo swali ambalo vijana hulichukia kwa sababu linaonekana la kipuuzi litakuwa na maana nzito kwa anayeuliza. Nimekaa upande wa pili wa meza hiyo kwa miaka kadhaa, na ninakuhakikishia kwamba swali likiulizwa mara mbili kwa maneno tofauti, hapo ndipo penye kidonda. Kazi yako ni kukigundua na kujibu ukielekea huko, kwa kweli tupu na bila kujisifu.

Sasa tuje kwenye kalamu ya yule mama, ambaye hakika simlaumu. Nafasi uliyoomba ilikuwa ya ofisa habari. Kazi ya ofisa habari ni kuijua taasisi na kuieleza kwa watu wasioijua. Ulipoulizwa unajua nini kuhusu taasisi, ulikuwa umepewa jaribio la kazi yenyewe, pale pale, kwa sentensi moja, nawe ukajibu kwamba hujui mengi. Kwa Andrea swali la namna hiyo lilihusu mitindo, ilhali kazi aliyoiomba ilikuwa ya kupokea simu na kupanga ratiba. Ujinga wake ulikuwa kando ya kazi. Wako ulikuwa katikati yake.

Mtu aliyejiandaa kwa jioni moja angeweza kusema hivi: "Nimesoma taarifa zenu tatu za mwisho kwa vyombo vya habari. Lugha yake ni safi, lakini mbili kati yake zilitoka wakati magazeti yalikwisha kuandika habari hiyo siku mbili kabla. Ningependa kujua taarifa hupitia kwa nani kabla ya kutolewa." Kisha angenyamaza. Jibu hilo halina sifa hata moja kwa taasisi wala kwa msailiwa, lakini jopo lingejua kwamba aliye mbele yao amekwisha kuanza kazi. Kunyamaza nako ni sehemu ya jibu. Wengi huharibu majibu mazuri kwa kuyaongezea mkia.

Na huko "kujifunza haraka" kwako, ushahidi unao. Umeuficha ndani ya malalamiko. Umeniandikia, kama mtu anayeeleza dhuluma, kwamba ulijifundisha programu ya kupanga kurasa kwa wiki mbili ukatoa toleo zima la jarida la ndani bila msaada wa mtu, halafu ukakimbilia kuniambia juu ya namba za kurasa. Binti yangu, hilo ndilo shindano lako la kitaifa! Jumatano likitokea swali la jinsi unavyojifunza, sema ulikuta nini, hukujua nini, ulifanya nini, na toleo lilitoka lini na likiwa na kurasa ngapi. Chukua nakala moja uende nayo kwenye bahasha, uitoe tu ukiombwa. Hata zile namba ndogo za kurasa zitaje ukipenda, useme kwamba toleo lililofuata uliziongeza ukubwa, ikiwa kweli uliziongeza.

Kuhusu mavazi sitakuchelewesha, ingawa ndiyo sehemu ya filamu ambayo watu huikumbuka kwanza. Vaa nguo safi ambazo hutazifikiria tena ukishaketi. Kilicho na uzito zaidi ni ile sehemu ya mikanda miwili. Wafanyakazi wanabishana ni mkanda upi utumike, Andrea anauona kuwa ni ule ule, anacheka kidogo, na Miranda anamweleza, bila kupandisha sauti, jinsi rangi ya sweta aliyovaa ilivyotoka kwenye maonyesho ya wabunifu wakubwa ikashuka ngazi kwa ngazi hadi kwenye lundo la nguo za bei ya chini alikoiokota. Watu huitazama kama karipio tamu. Mimi huitazama kama onyo kwa msailiwa: kila ofisi ina mikanda yake miwili, jambo ambalo kwa mgeni ni upuuzi na kwa wenyeji ndilo riziki. Ukilikuta Jumatano, uliza, usitabasamu.

Je, uende? Nenda. Kuitwa kwenye usaili si kufunga mkataba, na huyo mkurugenzi naye atakuwa anasailiwa nawe, hata kama yeye hajui. Ila usiende na miwani ya filamu. Meryl Streep, aliyemwigiza Miranda, aliuigiza ukali wa bosi huyo kwa ustadi uliomfanya ateuliwe kuwania tuzo ya Oscar, na kwa ustadi huo ametufundisha kupenda jambo ambalo tukiwa ndani yake tusingelipenda. Mtazamaji huvutiwa na bosi anayerusha koti mezani kila asubuhi kwa sababu koti hilo haliokoti yeye.

Yapo makali ya aina mbili, na Miranda anayo yote mawili ndani ya mtu mmoja, ndiyo maana anatuchanganya. Upo ukali wa kazi: anayetaka barua iwe na tarehe sahihi, anayerudisha rasimu mara tatu, anayekumbuka ulichoahidi wiki iliyopita. Ukali huo huuma, lakini mwisho wa mwaka unajikuta unajua kazi. Na upo ukali unaomtumia mtu kama kifaa. Miranda anapomtuma Andrea amtafutie muswada wa kitabu cha Harry Potter ambacho bado hakijatoka, kwa ajili ya mabinti zake mapacha, na kumwonya kwamba akishindwa asirudi ofisini, hakuna ujuzi wowote wa uandishi unaofundishwa hapo. Andrea anafaulu, tunashangilia, na hatujiulizi kwa nini msaidizi wa mhariri anatafuta vitabu vya watoto wa bosi.

Ili kutambua ni ukali upi unakungoja, una maswali yako, nayo yaulize wakati jopo litakapokupa nafasi, ambayo wengi huitupa kwa kusema "sina swali". Uliza kwa adabu aliyekuwa akishika nafasi hiyo amekwenda wapi. Uliza ni kazi gani ambayo ikifanyika vizuri katika miezi mitatu ya mwanzo itamfanya mkurugenzi aone kwamba hakukosea kukuajiri. Uliza siku ya kazi inaisha saa ngapi, na baada ya hapo ni mambo gani huhesabiwa kuwa ya dharura. Majibu yasikilize kwa sikio la pili. Mkurugenzi akikueleza kwamba msaidizi mmoja alihamia idara nyingine, wa pili alikwenda kusoma, wa tatu hawakuelewana na yeye mwenyewe anadhani alimpa kazi bila maelekezo ya kutosha, huyo ni mkali unayeweza kufanya naye kazi. Akikuambia kwamba wote watatu walikuwa wapumbavu, mkumbuke Miranda na orodha yake ya wasichana waliomsikitisha. Katika orodha hiyo jina moja tu lilikuwa halibadiliki, nalo ni la mwenye orodha. Kama unaweza kumpata mmoja wa hao watatu kabla ya Jumatano, robo saa ya mazungumzo naye itakufaa kuliko uvumi wote uliousikia.

Ukipewa kazi, usianze kabla majukumu, saa za kazi, kipindi cha majaribio na muda wa notisi havijaandikwa. Matusi, kuguswa usikotaka kuguswa, kucheleweshewa mshahara na kuzuiliwa vyeti havimo katika ukali wa aina yoyote ninaouzungumzia hapa. Hayo si ya kuvumilia mwaka wala wiki, na kwa kawaida sheria za kazi zina la kusema juu yake. Kuhusu huo mwaka mmoja wa marafiki zako, Andrea mwenyewe hakuufikisha. Ningekushauri uandike kwenye daftari, kabla ya siku ya kwanza, mambo matatu unayotaka kuwa umeyajua ifikapo mwezi wa sita, na mambo mawili ambayo yakitokea utaandika barua ya kuacha kazi. Yaandike mapema, kwa sababu ukishaingia mbioni mstari husogea bila wewe kuuona. Ndivyo alivyosogezewa Andrea, safari moja, zawadi moja, hadi akakubali kwenda Paris mahali pa Emily.

Tumefika kwenye ile chemchemi, na hapa nitasema jambo ambalo huenda lisikupendeze. Andrea hakuondoka kwa sababu ya kukaripiwa. Makaripio aliyavumilia filamu nzima. Aliondoka baada ya kuona Miranda akiitoa sadaka nafasi ya Nigel, mtu aliyemtumikia kwa uaminifu, ili kuulinda wadhifa wake mwenyewe, na baada ya kuambiwa, alipong'aka kwamba yeye asingefanya hivyo, kwamba amekwisha kumfanyia Emily. Alijiona anakuwa mtu asiyemtaka. Wewe uliondoka kwa sababu ya barua yenye tarehe isiyo sahihi, na tarehe, kwa maelezo yako mwenyewe, kweli haikuwa sahihi. Kukukaripia mbele ya wageni lilikuwa kosa la msimamizi wako, sikatai. Lakini Jumatatu ile aliamka akiwa hana mtu, hana maelezo, na pengine ana jarida la ndani lililokuwa mikononi mwako nusu limekwisha.

Ndiyo maana usaili ninaoupenda katika filamu hiyo si wa kwanza, ni wa mwisho, ule mfupi ambao hakuna anayeuiga. Andrea yuko mbele ya mhariri wa gazeti. Mhariri anatazama wasifu, anaona muda alioutumia Runway haufiki hata mwaka, na anauliza hilo ni jambo gani. Andrea anajibu kwamba alijifunza mengi, ingawa mwishoni aliharibu. Basi. Hamsengenyi Miranda, na angekuwa na ya kusema hadi jioni. Kisha mhariri anamweleza kwamba aliulizia habari zake Runway, akapokea faksi kutoka kwa Miranda mwenyewe, kwamba kati ya wasaidizi wote aliowahi kuwa nao huyu ndiye aliyemsikitisha kuliko wote, na kwamba asipomwajiri atakuwa mjinga.

Unaona wanachoweza kukufanyia watu uliowaacha? Wako bado hajaandika faksi yoyote, na kampuni inayoheshimika haitamwajiri msaidizi wa mkurugenzi bila kupiga simu alikotoka. Kwa hiyo ile miezi mitano irudishe kwenye wasifu wako. Pengo lisiloelezwa huzua maswali kuliko muda mfupi ulioelezwa. Wakikuuliza, sentensi tatu zinakutosha: "Nilikaa miezi mitano na nilijifunza kutoa jarida la ndani tangu makala hadi kurasa. Niliondoka kwa namna isiyofaa, bila notisi, na hilo lilikuwa kosa langu. Nimekwisha kuzungumza na msimamizi wangu kuhusu hilo." Ile ya tatu lazima iwe kweli kabla hujaitamka.

Mpigie kesho. Usimwandikie ujumbe, maana ujumbe ni njia nyingine ya kutopokea simu. Jitambulishe kwa jina kamili, mwambie kwamba unajua ulimwacha katika hali ngumu na kwamba unaomba radhi, na hapo simama. Usiongeze "lakini". Usimkumbushe wale wageni, wala usimwombe udhamini katika simu hiyo hiyo, kwa sababu msamaha unaofuatwa na ombi husikika kama nauli. Akikukaripia, sikiliza hadi amalize. Unajua sauti yake, haitakuua. Akiuliza uko wapi siku hizi, mwambie una usaili Jumatano na kwamba huenda akapigiwa. Piga asubuhi, kabla hajaingia vikaoni, na uwe na kalamu karibu, kwa kuwa ninavyomfahamu mtu wa namna hiyo kutokana na barua yako, kuna uwezekano mkubwa kwamba atakuuliza faili za lile toleo la mwisho uliziweka wapi.